Kuomba uzamivu wa prosesa salama: anza na adui, barua pepe baadaye

Mwaka nilioanza kuomba nafasi ya uzamivu nilituma barua pepe 40 kwa maprofesa 40. Ilikuwa barua moja; nilichokuwa nabadilisha ni jina la juu tu, na mara mbili hata hilo nilisahau. Aliyejibu ni mmoja. Aliniambia kwa upole kwamba yeye si huyo niliyemtaja, na kwamba kazi yake ni rada.

Siku hizi vijana wa uhandisi wa kompyuta wa Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura huniuliza: "Kaka, profesa wa usalama wa prosesa anaandikiwaje?" Huwajibu kwamba barua ni hatua ya saba, na nikizitaja sita za kabla yake wengine hununa kidogo. Ndizo hizi. Kwa mfano nitamtumia profesa mmoja, Srinivas Devadas wa chuo cha MIT, Marekani, kwa sababu kazi zake nyingi zinapatikana bure na zinafuatana kama kisa kimoja cha zaidi ya miaka 15. Ukishajua kumsoma yeye, utamsoma yeyote. Kama unataka kuomba Desemba, anza Machi.

Hatua ya kwanza: elewa ugomvi wenyewe

Kompyuta hujengwa kwa kuaminiana. Programu ya benki inauamini mfumo endeshi, mfumo endeshi unaiamini prosesa, yaani chipu inayotekeleza amri za programu, na prosesa inaamini kwamba ilichokiandika kwenye memori jana ndicho itakachokisoma leo. Mtafiti wa prosesa salama anauliza: katika mnyororo huu, ni nani anaweza kugeuka msaliti na siri bado ikabaki siri?

Mwaka 2002 Andrew Huang, akiwa bado mwanafunzi MIT, alitega kibao cha elektroniki alichokitengeneza mwenyewe kwenye njia ya data ndani ya Xbox, mashine ya michezo ya video, akausoma ufunguo wa siri ukiwa unapita. Hakuhitaji kuivunja chipu iliyouhifadhi. Aliusubiri barabarani.

Huo ni usaliti wa waya. Upo wa muda, nao ndio mgumu kuueleza, kwa hiyo twende kwa mama ntilie. Umeingia saa tano asubuhi ukaagiza maharage ya nazi, yakaja papo hapo. Hakuna aliyekuambia kitu, lakini umeshajua kwamba kuna mtu aliyaagiza kabla yako na sufuria ilikuwa jikoni. Ukaagiza samaki, akachukua dakika 20. Umejua pia kwamba leo hakuna aliyemtaka samaki. Muda umekusimulia oda za watu usiowaona. Prosesa nayo huweka karibu yake data iliyotumika hivi punde, mahali panapoitwa kashe, na programu jirani ikipima muda inaweza kujua wewe umegusa nini.

Sasa mama huyo amekuzoea. Akikuona mlangoni anamimina chai kabla hujatamka. Siku ukisema leo sitaki, anairudisha kwenye birika, na kwenye daftari la hesabu hakuna kilichoandikwa. Ila kikombe kimebaki cha moto. Prosesa za kisasa hubahatisha programu itaelekea wapi, hutanguliza kazi, na zikikosea hufuta matokeo. Kilichotangazwa tarehe 3 Januari 2018 kwa majina ya Meltdown na Spectre ni kwamba joto la kikombe halikuwa likifutwa. Walioyafichua ni pamoja na watu wa Google, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz huko Austria, na Paul Kocher, ambaye mwaka 1996 alikuwa ameshaonyesha kwamba muda peke yake unaweza kuvujisha ufunguo wa siri.

Kabla ya kwenda hatua ya pili, waeleze jambo hili watu wawili wasiosoma kompyuta. Wakikuuliza swali, usikasirike, liandike.

Hatua ya pili: msome profesa kwa mfuatano wa miaka

Wengi husoma ukurasa wa profesa kama tangazo la kazi: wanatafuta maneno matatu ya kunakili kwenye barua. Wewe chukua kazi zake tano, zipange kwa miaka, na mbele ya kila moja andika sentensi moja inayojibu swali hili: hapa adui anaruhusiwa kufanya nini?

Kwa Devadas jedwali langu liko hivi. Mwaka 2002, pamoja na Blaise Gassend, Dwaine Clarke na Marten van Dijk, alionyesha kwamba chipu mbili zilizotoka kiwanda kimoja, kwa mchoro mmoja, bado hutofautiana kidogo katika ucheleweshaji wa mawimbi ndani ya nyaya zake, na tofauti hiyo inaweza kutumika kama alama ya kidole. Ufunguo haukai mahali pa kuuchukua. Unazaliwa upya kila unapohitajika. Adui wa hapa ni mtu anayetaka kuinakili chipu au kuichimba ndani.

Mwaka 2003 ikaja prosesa ya AEGIS, Edward Suh akiwa mwandishi wa kwanza. Msimamo wake ni mkali: tuiamini chipu ya prosesa peke yake. Memori, waya na diski vyote vihesabiwe viko mikononi mwa adui, na mfumo endeshi nao unaweza kuwa upande wake. Data inayotoka nje ya chipu inasimbwa, yaani inageuzwa isisomeke bila ufunguo, na mti wa hesabu za uthibitisho unamnasa yeyote aliyebadilisha hata biti moja. Msome Huang wa 2002 halafu AEGIS ya 2003, utaona hawa watu wanajibizana.

Halafu likaja swali la hila zaidi. Hata barua zikifungwa kwa lakiri, mtu wa posta anaona unamwandikia nani na mara ngapi. Vivyo hivyo data ikisimbwa, anwani za memori bado zinaonekana. Prosesa ya Ascend ya 2012 na njia ya Path ORAM ya 2013, iliyoongozwa na Emil Stefanov pamoja na kundi la watu akiwemo Devadas, zilitafuta namna ya kuchanganya anwani hizo ili anayechungulia asipate mwelekeo. Gharama yake ni kwamba kusoma kitu kimoja kunakulazimu kugusa vingi.

Mwaka 2015 Intel ilileta SGX sokoni: enklevu, yaani chumba cha ndani ambacho hata mfumo endeshi hauruhusiwi kuchungulia. Mwaka uliofuata Victor Costan na Devadas walitoa maelezo ya SGX yenye kurasa zaidi ya 100, wakionyesha inafanyaje kazi na wapi inaahidi kisichopo. Maelezo hayo yapo bure, na ningelazimika kumpa mwanafunzi maandishi mamoja tu ningempa hayo. Mwaka huohuo 2016, wakiwa na Ilia Lebedev, wakaleta Sanctum, enklevu yao iliyojengwa juu ya RISC-V, usanifu wa prosesa ulio wazi kwa yeyote kuutumia. Sanctum inagawa kashe ili jirani asiweze kupima muda wa mwenzake. Lakini angalia: mtu anayefungua mashine na kutega waya kwenye memori hayumo katika ahadi zake. Mwaka 2003 adui alikuwa na bisibisi. Mwaka 2016 ana programu. Ni profesa yuleyule, na adui amebadilishwa kwa makusudi kwa sababu kompyuta zimehamia kwenye wingu, ambako jirani hatari ni mpangaji mwenzako kwenye seva.

Agosti 2018 shambulio la Foreshadow, lililotokana na kazi ya watu wa chuo cha KU Leuven, Ubelgiji, na wenzao wa Israeli, Marekani na Australia, likatoa siri ndani ya enklevu za SGX. Mwaka 2019 kundi la MIT likajibu kwa MI6, jaribio la kuwa na enklevu ndani ya prosesa inayobahatisha bila kuacha kikombe cha moto.

Ukimaliza jedwali la namna hii utaona kitu ambacho ukurasa wa profesa hauandiki: swali lililobaki mezani. Hapo ndipo pa kuombea.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, maprofesa huhama. Devadas mwenyewe alijiunga na MIT mwaka 1988 akiwa mtu wa programu za kusanifu chipu, na usalama ulikuja baadaye. Kwa hiyo kabla hujapenda kazi ya 2003, soma za miaka mitatu ya karibuni na utazame jina la kwanza ni la mwanafunzi gani na anashughulika na nini. La pili, fuata wanafunzi. Suh alikwenda kufundisha Cornell. Christopher Fletcher, aliyefanya kazi ya Ascend, alikwenda Illinois kisha Berkeley. Ling Ren yuko Illinois. Mwalimu mmoja amekupa milango minne, na ile ya wanafunzi mara nyingi haina msongamano kama ya mzee wao.

Hatua ya tatu: vunja kitu chako mwenyewe

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo iliyonipatia nafasi.

Huhitaji maabara. Laptopu yenye prosesa ya Intel au AMD, Linux, na lugha ya C vinatosha. Andika programu fupi inayosoma anwani moja ya memori mara 1,000 ikiwa ndani ya kashe, na mara 1,000 baada ya kuitoa kwa amri ya clflush. Pima kila usomaji kwa rdtscp, amri inayosoma saa ya prosesa, kisha chora grafu. Unatakiwa kuona vilima viwili: kimoja cha mizunguko michache ya saa hiyo, kingine cha mizunguko mia na kitu au zaidi. Pengo kati yake ndilo muda wa samaki wa mama ntilie. Vilima vikiingiliana, tafuta sababu kabla ya kuendelea.

Onyo moja kutoka kwa aliyeungua. Nilipoteza wiki nzima nikidhani nimegundua tabia mpya ya kashe, kwa sababu kila jioni namba zangu zilibadilika. Kumbe ulikuwa mgao wa umeme. Laptopu ikihamia kwenye betri prosesa inashusha kasi, vipimo vinayumba. Funga kasi ya prosesa kabla ya kupima, na andika kwenye daftari kama umeme ulikuwepo.

Vilima vikitulia, jaribu njia ya Flush+Reload, iliyoelezwa na Yuval Yarom na Katrina Falkner mwaka 2014: programu moja inaipeleleza nyingine kupitia kashe. Halafu Spectre ya aina ya kwanza. Zote ufanye kwenye mashine yako, dhidi ya programu uliyoiandika wewe. Usiguse seva ya chuo hata kwa utani. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018, na hakuna kamati ya udahili itakayokungoja utoke mahakamani.

Baada ya kuvunja, jenga. Chukua prosesa ndogo ya RISC-V iliyo wazi, iendeshe kwa Verilator, programu inayoigiza chipu ndani ya kompyuta, au tumia kiigaji cha gem5. Badilisha kitu kimoja. Kwa mfano, fanya kashe isafishwe kila prosesa inapohama kutoka programu moja kwenda nyingine, kisha pima kasi inapungua kwa asilimia ngapi. Jibu lako litakuwa dogo na pengine linajulikana tangu zamani. Haidhuru. Kamati haitafuti ugunduzi kwa mtu wa shahada ya kwanza. Inatafuta mtu anayejua kupima bila kujidanganya. Bodi ya FPGA, yaani yenye chipu unayoweza kuipanga upya mwenyewe, ni nzuri ukiwa nayo, lakini usikope pesa kuinunua.

Ukikwama, Mengjia Yan wa MIT ana kozi ya usanifu salama wa maunzi ambayo mazoezi yake yamewekwa wazi, na mihadhara ya Onur Mutlu wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, kuhusu usanifu wa kompyuta imejaa YouTube. Pakua usiku bando likiwa rahisi.

Kazi yote iweke GitHub pamoja na maelezo ya kurasa mbili: nilikuwa nauliza nini, nilitumia prosesa na toleo gani la Linux, nilipata nini, nini kilinishinda. Hiyo sehemu ya mwisho usiifiche. Mtu anayejua fani anaanza kusoma hapo.

Hatua ya nne: jua mlango unafunguliwa na nani

Hapa ndipo zile barua zangu 40 zilipopotea. Nilidhani kila mahali profesa ndiye mwenye funguo.

Marekani, mara nyingi unaomba idara. MIT idara ya uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta huamua kwa kamati. Unataja maprofesa unaopenda kufanya nao kazi ndani ya fomu, na barua pepe kwa profesa si sharti. Wanapokea watu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza kwenda uzamivu, na uzamili unaupata njiani; mtu wa nje anayetaka uzamili peke yake hana nafasi pale. Tarehe ya mwisho huwa Desemba, na mtihani wa GRE hawautaki. Ukipokelewa, ada inalipwa na unapewa posho kupitia kazi ya utafiti, ufundishaji au ufadhili. Kwa hiyo swali la "nitapata wapi mfadhili?" linalotusumbua sana huku, pale linajibiwa pamoja na barua ya kukubaliwa. Ada ya kuomba ndiyo inayouma. Vyuo vingi vina msamaha wa ada hiyo, nao huombwa kabla ya tarehe ya mwisho, si siku yenyewe.

Austria, Ubelgiji na Uswisi mambo ni mengine. Mwanafunzi wa uzamivu Graz, Leuven au ETH kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mkataba na mshahara, nafasi hutangazwa kama kazi, na kwa kawaida unatakiwa uwe na uzamili tayari. Huko profesa ana sauti kubwa, na huko ndiko barua pepe nzuri inakofanya kazi.

Cambridge, Uingereza, ndiko nyumbani kwa CHERI, mradi ulioanza mwaka 2010 kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti ya SRI ya California. Badala ya kielekezi cha memori, yaani anwani ya mahali data ilipo, kuwa namba tupu ambayo yeyote anaweza kuibadilisha, CHERI inakifanya kiwe kama tiketi yenye mipaka iliyochapwa na prosesa yenyewe. Kampuni ya Arm ilitoa bodi ya majaribio, Morello, mwaka 2022. Ukiomba uzamivu kule, msimamizi anayekutaka ni jambo la kutafuta mapema, na ufadhili wa Gates Cambridge uko wazi kwa raia wa nchi zote nje ya Uingereza.

Kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosomea Kifaransa: kundi la François-Xavier Standaert huko chuo cha UCLouvain, Ubelgiji, ni miongoni mwa wanaoheshimika duniani katika mashambulizi ya njia za pembeni, yaani ya kuiba siri kwa kupima vitu kama muda au umeme, na Télécom Paris nako kuna watu wa usalama wa maunzi. Utafiti wenyewe huandikwa kwa Kiingereza, lakini maisha ya kila siku, nyumba na ofisi za serikali, hayatakutesa.

Na kama shahada ya kwanza haikukupa nafasi ya kugusa usanifu wa prosesa, Carnegie Mellon ina tawi Kigali linalotoa uzamili wa uhandisi wa umeme na kompyuta. Miaka miwili pale, mwendo wa basi kutoka Kampala, ni bora kuliko miaka mitatu ya kuomba uzamivu mikono mitupu.

Hatua ya tano: wapendekezaji

Barua tatu, na hili ni eneo ambalo utamaduni wetu unatuponza. Mwalimu wa kwetu akikupenda ataandika kwamba una nidhamu, ni mtiifu, unahudhuria vipindi na hujawahi kuwa na kesi. Kwetu hiyo ni sifa kubwa. Kamati ya MIT ikiisoma inaona mwalimu hana la kusema kuhusu utafiti wako.

Usimwambie mwalimu wako aandike nini. Ni utovu wa adabu na atakumbuka. Mpelekee karatasi moja miezi miwili kabla: majina ya masomo aliyokufundisha na alama ulizopata, mradi mliofanya, siku uliyomletea hitilafu uliyoipata na jinsi mlivyoitatua. Mwambie, "Mwalimu, nimekuwekea kumbukumbu hizi kwa sababu najua una wanafunzi wengi." Ataelewa. Mwombe atumie anwani ya chuo, maana barua iliyotoka kwenye Gmail inaweza kutiliwa shaka. Mkumbushe wiki tatu kabla, wiki moja kabla, na kama ni mtu wa kusahau, nenda ofisini kwake ukiwa na laptopu na bando lako ukae mlangoni.

Mmoja kati ya watatu awe amekuona ukifanya jambo ambalo halikuwa kwenye mtaala. Kama hayupo, rudi hatua ya tatu na umpelekee mwalimu grafu yako ya vilima viwili.

Kuhusu alama: usibadilishe GPA yako mwenyewe. Kama chuo chako kinatumia kipimo cha 5.0, andika 4.3 kati ya 5.0 uwaachie wao hesabu. Aliyejigeuzia kuwa 3.9 kati ya 4.0 anaonekana mdanganyifu hata kama alikosea tu.

Hatua ya sita: insha ya malengo

Utaiandika kwa Kiingereza, lakini fikra tuipange kwa Kiswahili.

Insha niliyoiandika mara ya kwanza ilianza hivi: "Tangu utotoni nimependa kompyuta. Usalama wa mtandao ni changamoto kubwa duniani, na ningependa kuchangia maendeleo ya nchi yangu." Hakuna uongo hapo, ila sentensi hizo zinaweza kusainiwa na mtu yeyote kutoka Kigoma hadi Kuala Lumpur.

Ya pili ilianza hivi: "Enklevu ya Sanctum inalinda kashe ya ngazi ya mwisho kwa kuigawa. Nilipojaribu kugawa kashe kwenye kiigaji, programu yangu ya majaribio ilipungua kasi kuliko nilivyotegemea, na nikagundua kwamba hasara kubwa haikutoka kwenye mgawanyo bali kwenye usafishaji wa kashe ndogo kila programu ilipobadilishana. Nataka kujua kama usafishaji huo unaweza kufanywa pale tu palipo na siri." Aya moja. Ina adui, ina kipimo, ina kosa la mwandishi, na ina swali linalofuata. Msomaji akimaliza anajua la kuniuliza kwenye usaili.

Baada ya aya hiyo sema kwa nini idara hii, ukitaja watu wawili au watatu na kazi zao halisi, kisha historia yako kwa kifupi. Kama kuna muhula ulioanguka, eleza kwa sentensi mbili bila kulia. Habari ya kwamba umetoka mazingira magumu ina mahali pake. Iweke palipo na jambo ulilolifanya kwa sababu ya ugumu huo. Mgao wa umeme ulionifundisha kufunga kasi ya prosesa niliuandika, na kwenye usaili ndio walioucheka kwanza.

Hatua ya saba: barua pepe

Fupi. Kwetu salamu ni nusu ya mazungumzo. Huko sentensi ya kwanza ndiyo jambo lenyewe. Mwite Profesa na jina lake la ukoo, usimwite Sir, wala usimwulize kama ana nafasi. Sentensi mbili kuhusu kazi yake moja na swali ulilobaki nalo, sentensi mbili kuhusu ulichokifanya pamoja na kiungo chake, sentensi moja inayouliza kama mwelekeo huo bado unaendelea maabara. Wasifu wa kurasa mbili uambatishwe. Cheti cha kuzaliwa na picha ya pasipoti viache nyumbani.

Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha nyamaza. Anayejibu zaidi ni mwanafunzi wake. Mwandishi wa kwanza wa karatasi uliyoisoma akipata swali la kweli kuhusu jedwali la ukurasa wa tisa, atafurahi kuliko unavyofikiri, kwa sababu hata mama yake hajafika ukurasa huo.

Hatua ya nane: Januari hadi Aprili

Usaili ukija utakuwa wa video, dakika 20 au 30. Swali linalorudi ni moja kwa sura nyingi: eleza mradi wako, sasa niambie mimi nitauvunjaje. Usiutetee mradi kama mtoto wako. Taja mwenyewe mahali ulipo dhaifu na nini ungehitaji ili kuuimarisha. Andaa intaneti ya akiba kwenye simu.

Ukikubaliwa Marekani, chuo kitakupa fomu ya I-20, utalipa ada ya SEVIS (mfumo wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ya dola 350, utajaza fomu ya viza ya DS-160 na kwenda ubalozini kwa mahojiano. Fuatilia hili mapema kuliko walivyofanya waliokutangulia: Juni 2025 Marekani iliweka vizuizi vya viza, za wanafunzi zikiwemo, kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwa mojawapo, na nchi nyingine za Afrika zikaongezwa baadaye. Soma ukurasa wa ubalozi wa nchi yako kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi, na kwa sababu hiyohiyo orodha yako isiwe ya Marekani tupu. Weka angalau milango miwili ya Ulaya.

Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kukupa hadi tarehe 15 Aprili kujibu. Ukipata nafasi mbili, waandikie wanafunzi wa maabara zote mbili uwaulize msimamizi anakutana nao mara ngapi, wanamaliza baada ya miaka mingapi, na nani aliondoka katikati na kwa nini. Ukishachagua, ile nyingine ikatae siku hiyohiyo kwa barua ya sentensi tatu. Kuna mwenzako yuko kwenye orodha ya kusubiri, na yeye pia ana ubalozi wa kwenda kupanga foleni.